Aliyekaa Kati ya Miti ya Umuko

Nilipokuwa mtoto, wa umri wa kutumwa kuomba moto kwa jirani, nyuma ya mashamba yetu kulikuwa na mlima ambao bibi yangu hakuutaja kwa jina hata mara moja. Watu wengine wa kijiji chetu, Busasamana, walikuwa na jina lake, na leo limeandikwa kwenye kibao cha kijani pale njia inapoanzia. Bibi alisema tu "Kwabo", yaani kwao, nyumbani kwa watu. Hakusema watu gani. Sisi watoto tulijua. Ni wale waliokufa zamani, bazimu, ambao kwa maneno yake walihamia msituni kutafuta kimya.

Nimeukumbuka mlima huo wiki hii kwa sababu mume wangu anapanga kuuzunguka. Tangu Jumapili anakaa mezani kwetu hapa Gisenyi na vijana wa kanisa, wanapanga safari ya siku moja: kupanda asubuhi, kupita msituni hadi kwenye mianzi, kuteremkia upande wa pili na kurudi pale pale walipoanzia. Wanasema ni njia ngumu, na ndiyo maana wanaitaka. Mume wangu ni wa familia iliyorudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kwetu. Aliniita mbele ya wageni, jambo ambalo anajua silipendi.

"Mama Aline, wewe ulikulia kule. Njia inaanzia wapi hasa?"

"Kwenye miti miwili ya umuko," nilisema.

"Na inaishia wapi?"

Nilijifanya naenda kuangalia sufuria.

Safari ya kwanza ya namna hiyo ilipangwa nyumbani kwetu, na aliyeipanga ni dada yangu mkubwa, Yaya Solange. Wazazi wetu walikuwa wamerudi kutoka Kongo mimi nikiwa bado mgongoni, na nyumbani tulichanganya Kinyarwanda na Kiswahili cha Goma bila kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Baba alifanya kazi Goma, tulimwona mwisho wa juma. Ndani ya nyumba tulikuwa Mama, Solange, mimi na bibi mzaa baba, tuliyemwita Nyogokuru.

Solange aliimba katika kwaya, na kwaya ilitaka kufanya kitu siku ya Jumatatu ya Pasaka. Jirani zetu wengine wangeenda ziwani. Solange akasema ziwani kila mtu anaenda. Basi wakawa wanakuja kwetu jioni, yeye na Deo, aliyekuwa mwalimu wa kwaya, na wengine wachache, wanapanga. Mimi nilikaa nyuma ya mlango nikiwasikiliza. Nilikuwa mtoto wa aibu sana. Mgeni akiniuliza jina, Mama ndiye aliyejibu.

"Tunatoka mbele ya jua," Solange alisema. "Saa sita tuko juu kwa mianzi. Tunakula kule, hatukae sana. Mvua inakujaka nyuma ya saa nane, donc basi ile saa tutakuwa tumeshashuka ngambo ingine."

"Na kama inakuja mbele?" Deo aliuliza.

"Utaiimbia. Ikisikia sauti yako itarudi Kongo."

Walicheka mpaka Mama akaja kuuliza kama ni mipango au ni harusi. Kisha waliendelea. Nani ana buti za mpira, kwa sababu kule juu kuna majani yanayowasha na siafu. Nani ataleta panga la kufungua njia. Viazi vitachemshwa usiku wa kuamkia safari na kufungwa kwenye majani ya mgomba. Wasichana wasibebe mizigo mizito, alisema Deo. Solange akamwambia basi yeye abebe ya wote.

Nyogokuru alikuwa kwenye kona yake, anachambua maharage. Wote tulidhani hasikilizi.

"Mutarudi na njia gani?" aliuliza.

"Na ngambo ingine, Nyogokuru," Solange alijibu. "Tunafanya tour ya mulima yote, tunatokea tena pale kwa umuko. Hatutakanyaga fasi moja mara mbili."

Maharage yaliacha kuanguka kwenye ungo.

"Ayii, mwana wanjye. Mutazunguka nyumba ya watu?"

"Si nyumba. Ni mulima."

"Mugeni anazungukaka nyumba? Niambie. Ulishaona mugeni anazunguka nyumba?"

Jibu lilijulikana hata na mimi. Kwetu mtu anayekuja kwako kwa wema anaingia kwa irembo, pale mbele ya boma, na anatoka kwa irembo, ninyi mkimwona uso. Anayepita nyuma ya nyumba yako, akaizunguka na kutokea upande wa pili, huyo anatafuta pa kufukia dawa zake. Watoto tulichapwa tukicheza mchezo wa kuzunguka nyumba ya jirani. Nyogokuru aliona mlima vivyo hivyo. Ile miti miwili ya umuko, yenye maua mekundu, ilikuwa irembo ya Kwabo. Kupanda kutafuta kuni na kurudi kwa njia ile ile hakukuwa na neno. Lakini kuzunguka na kufunga duara ni kufanya kazi ya mchawi kwenye nyumba ya watu wasioweza kutoka nje kuuliza kwa nini.

"Sisi ni Wakristo, Nyogokuru," Deo alisema kwa heshima.

"Na mimi niko nani? Hii rozari nilivalishwa na mbuzi?"

Walicheka tena, lakini kidogo. Nyogokuru hakucheka. Alisema nyumba iliyozungukwa inalipiza kwa kuita mtu wa nyumba ya yule aliyeizunguka. Alisema mkifunga lile duara, mtu atatoka katika nyumba hii, na hawatamwita mzee, kwa sababu wazee wanao tele. Alipomaliza alinitazama mimi nyuma ya mlango, kisha akamtazama Solange, na akarudi kwenye maharage yake. Tangu jioni hiyo nilianza kulala nimeshika nguo ya dada yangu.

Solange hakubadilisha kitu. Nadhani angeweza kubadilisha kama wasingekuwapo wenzake siku ile. Mama alijaribu kumwambia wapande na kurudi kwa njia moja ili mzee atulie, naye akasema, "Mama, kila kitu tunaogopa. Tuliogopa Kongo, tukaogopa huku. Mulima pia?"

Kulikuwa na sheria nyingine ya Nyogokuru ambayo lazima niieleze hapa, kwa sababu bila hiyo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Kule Kwabo mtu haitwi kwa jina. Ukipotezana na mwenzako msituni unapiga makofi, au unakohoa, lakini jina lake hulitoi mdomoni, kwa maana wakilisikia watalijua. Tulipokwenda naye kutafuta kuni aliniita "Kadogo" tu, na mimi nilijifunza kutoita kabisa.

Jumatatu ya Pasaka waliondoka bado kuna giza, nikasikia buti zao zikipiga mawe meusi ya uani. Asubuhi ilipofika katikati, Nyogokuru alinishika bega. Alikuwa amevaa mwitero wake mweupe wa kanisani, ule wa kufungwa begani, na kichwani alijifunga kitambaa cheupe. Mkononi alikuwa na kibuyu kidogo cha bia ya mtama.

"Twende, unibebee hii."

"Tunaenda wapi?"

"Kutembea kwa watu. Mutu haendi kwa watu na nguo ya shamba."

Tulipita kando ya shamba la viazi lililofika hadi karibu na msitu. Viazi vilikuwa vinatoa maua. Kwenye miti ya umuko alichagua jiwe katikati, pale njia inapopita, akakaa, akajipanga nguo kana kwamba anasubiri kupigwa picha. Kisha alinieleza kazi yake, polepole, akinionyesha kwa kidole.

"Walipanda na huku. Watakuja na kule, kushoto. Mi nitawasimamisha hapa, mbele hawajafika kwa miti. Tunamwagia watu wa hapa kidogo, tunawaambia ni watoto, wanakunywa na wao kidogo kidogo. Halafu tunapita mu viazi, wote, tunaenda nyumbani. Hapa kati hakuna mutu anapita. Donc haifungwi."

"Na kama wanakataa?"

"Watakanyaga juu yangu?"

Ilionekana rahisi sana. Tulikaa. Alinipa kiazi baridi alichokuwa ameficha ndani ya mwitero, akanisimulia mambo ya ng'ombe wa baba yake. Ndege waliimba kule juu, na mara moja nilifikiri nimesikia watu wakiimba pia, mbali mno, lakini huenda ulikuwa ni upepo kwenye mianzi.

Mawingu yalikuja mapema kuliko mpango wa Solange. Yaliteremka juu ya msitu kama moshi wa kuni mbichi, kwanza mianzi ikapotea, kisha mikaratusi. Nyogokuru alinusa hewa.

"Enda nyumbani, Kadogo."

"Na we?"

"Mi niko na kazi. Watafika sasa hivi. Enda, mvua haina adabu."

Nilikimbia. Nyumbani Mama aliniuliza mzee yuko wapi, nikamwambia yuko Kwabo, anamsubiri Yaya. Mama alikunja uso, akatoka nje kutazama mlima ambao haukuonekana tena. Akasema mara mbili kwamba watarudi naye, kwamba wale vijana watambeba hata kama hataki. Lilikuwa wazo la kawaida. Mtu yeyote angefikiri hivyo. Mvua ikaanza, ile ya Aprili, inayopiga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono.

Walikuja jioni, wote kwa pamoja, wakaingia mlangoni kama waliosukumwa. Walikuwa na matope hadi kiunoni. Msichana mmoja alikuwa na buti moja tu. Solange alimshika Mama mabega.

"Tumeona muzimu! Mama, kweli ya Mungu, tumeona!"

"Pale kwa umuko," Deo alisema, anatetemeka na anacheka kwa wakati mmoja. "Iko nakaa kati ya miti, nyeupe yote. Ukungu mwingi, sura haionekane. Mi nilisema ni jiwe. Halafu ikanyanyua mukono."

"Hata neno haikusema!"

"Ilifanya hivi." Deo alinyoosha mkono mbele, kiganja kimefunguka, akausukuma hewani polepole.

"Na we mwanaume ulikuwa wa kwanza kukimbia!"

"Mi nilikuwa naonyesha njia!"

Walicheka wale walioogopa, kicheko kikubwa cha watu waliofika nyumbani. Walisema walikimbilia kwenye viazi, wamevunja viazi vya watu, kesho wataomba msamaha. Mama alikuwa anatafuta nguo kavu huku akiwauliza kama kuna aliyeumia. Mimi nilisimama karibu na mlango nikitazama nyuma yao, kwenye mvua, nikisubiri mtu wa mwisho aingie.

Ule mkono niliujua. Ndivyo Nyogokuru alivyomsimamisha mbuzi, na sisi.

"Huyo ni Nyogokuru," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Nilikuwa sijawahi kusema kwa nguvu mbele ya watu, sikujua hata inavyofanywa. Nilimvuta Deo nguo, nikapiga kelele ambayo iliniumiza koo.

"Si muzimu! Ni Nyogokuru! Iko nawasubiri!"

Mkono wa Deo ulikuwa bado umenyooka hewani. Namkumbuka hivyo hadi leo. Kisha alitoka mbio, bila koti, na Solange nyuma yake.

Walimkuta amekaa vile vile juu ya jiwe. Deo alimleta mgongoni. Kibuyu kilikuwa mapajani, amekifunika kwa ncha ya mwitero ili maji yasiingie. Tulimvua zile nguo, tukamweka karibu na moto, meno yake yaligongana hivi kwamba hakuweza kunywa chai. Neno lake la kwanza alimwambia Solange.

"Mulipita wapi?"

"Nyogokuru, tusamehe. Hatukujua."

"Nimeuliza mulipita wapi."

"Mu viazi."

"Wote? Hakuna mutu alipita kati ya miti?"

"Hakuna hata mumoja. Tulikimbia wote."

Nyogokuru alifumba macho. Alicheka, kicheko kidogo kilichotoka na kikohozi.

"Bon. Basi haikufungwa."

"Lakini mbona hukuita?" Mama alilia. "Si ungewaita tu, Mama, wangekusikia!"

"Niite majina ya watoto pale? Wayasikie?"

Na alikuwa amebaki pale baada ya wao kukimbia, kwa sababu mvua na ukungu vilimfanya aone vivuli tu vinapita; aliviinulia mkono, na vilipotoweka akadhani ni matawi. Alidhani bado wako juu. Angekaa mpaka asubuhi.

Kifua kilimshika wiki ile ile. Alipelekwa kwenye zahanati, akapewa dawa, akarudi, akapelekwa tena. Solange hakuondoka kando ya kitanda. Kila alipolia, mzee alimrudishia maneno yale yale: haikufungwa, mtoto wangu, mulipita mu viazi, unalilia nini? Alifariki kabla ya viazi vile kuvunwa. Shamba lilikuwa bado na ile mistari ambapo kwaya ilipita mbio, mimea imelala, na mwenye shamba hakuwahi kusema neno.

Watu walisema maneno yake yametimia. Alisema mtu atatoka katika nyumba hii, na ametoka. Niliposikia hivyo msibani nilitaka kuwaambia wamekosea, kwamba kwa sheria yake mwenyewe duara lilibaki wazi, lakini sauti yangu ilikuwa imeisha siku ile ya mvua.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, nikiosha vyombo, nikinyonyesha. Kama duara lilifungwa, basi mlima ndio uliomwita, na hakuna wa kulaumiwa ila ukaidi wa vijana. Kama halikufungwa, basi hakuna aliyemwita. Ilikuwa mvua tu, na watoto waliomkimbia bibi yao kwa hofu aliyowafundisha yeye mwenyewe kwa mapenzi. Nyogokuru alifikiri anatupa faraja. Sijui kama alijua uzito wa faraja hiyo.

Jana nilimpigia simu Yaya Solange. Anaishi Goma, ana watoto wakubwa, na huku kwetu haji isipokuwa kwa mazishi. Nilimwambia Baba Aline anapanga safari ile. Nilisikia pikipiki zikipita kwake.

"Sifa," aliniita kwa jina, "unajua mi napenda nini? Mi ningependa ingefungwa."

Nilielewa.

Usiku, vijana walipoondoka, nilimweleza mume wangu yote, kuanzia maharage hadi kibuyu. Hakucheka. Aliniuliza kama naamini. Nilimwambia sijui, na hiyo ndiyo kweli. Mimi nasali, nimebatizwa na watoto wangu wamebatizwa, lakini nyumba ya jirani bado siizunguki, hata kufuata kuku. Aline alikuwa amelala na buti zake mpya kando ya mto wake wa kulalia. Baba yake amemwahidi kumpeleka hadi kwenye mianzi.

"Unataka tusiende?" aliniuliza.

Nilifikiri kusema ndiyo. Angekubali, namjua. Kisha nikamwona binti yangu akiwa mkubwa, anaogopa mlima, anaogopa ukungu, anamkimbia mtu aliyekaa kwenye mvua.

"Nendeni," nilimwambia. "Zungukeni. Mkikaribia ile miti mtanikuta nimekaa kati yake. Nitakuwa na mwavuli mwekundu na chai. Tutarudi kupitia kwenye viazi, nitamwomba mwenye shamba."

"Na ukungu ukishuka?"

Hilo nilikuwa nimeshalijibu moyoni tangu nilipokata simu. Kanisani naimba kwa ndani, kiasi kwamba aliye kando yangu hasikii. Hata sokoni nikiuziwa nyanya mbovu nanyamaza. Lakini nikiona vivuli vinapita, sitainua mkono. Nitasimama juu ya lile jiwe na kuwaita kwa majina yao, wote, kwa sauti ile iliyoniumiza koo nikiwa mtoto. Na la kwanza litakuwa Aline.